UZI: Baridi ya Ulaya inapikwa Iceland na Azores – tuelewe mgandamizo wa hewa unavyoamua majira ya baridi

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila majira ya baridi yakiingia kaskazini mwa dunia, ubishi ni ule ule. Mmoja anarusha picha ya London imefunikwa theluji, anauliza hilo joto la dunia liko wapi. Wiki hiyo hiyo mwingine analeta picha ya Greenland mvua inanyesha juu ya barafu katikati ya Februari, anasema dunia imefika mwisho. Mara nyingi picha hizo mbili zinatoka kwenye tukio moja. Wanaobishana hawajui, kwa sababu hakuna aliyefungua ramani ya mgandamizo wa hewa.

Naomba tuifungue pamoja. Ni mada ninayoipenda sana, na inaniuma kuona inavyopuuzwa, maana ukishaielewa habari nyingi za baridi, mafuriko na ukame zinaanza kuungana zenyewe.

Msingi wake ni mwepesi. Hewa ina uzito. Juu ya kila mita moja ya mraba usawa wa bahari kumekaa takriban tani 10 za hewa, na vipima-hewa vinausoma mzigo huo kama hektopaskali 1013 hivi kwa wastani. Pale mzigo unapozidi pana mgandamizo mkubwa, unapopungua pana mgandamizo mdogo. Hewa hutaka kutoka kwenye mkubwa kwenda kwenye mdogo, ila kwa kuwa dunia inazunguka haifiki moja kwa moja, inapindishwa. Kaskazini mwa ikweta upepo huuzunguka mgandamizo mdogo kinyume cha mwendo wa saa, na huuzunguka mkubwa kwa mwendo wa saa. Mholanzi Buys Ballot aliieleza kanuni hiyo mwaka 1857 kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu: ukiwa kaskazini mwa dunia, upe upepo mgongo, na mgandamizo mdogo utakuwa mkono wako wa kushoto.

Shikeni hilo, maana mengine yote yanatoka hapo. Wakati wa baridi jua ni dhaifu, mchana ni mfupi, na ardhi haina joto la kutosha la kwake. Kwa hiyo swali kubwa la majira ya baridi ni moja tu: upepo unatoka wapi? Ukitoka baharini unaleta joto ambalo maji yalilihifadhi tangu kiangazi. Ukitoka bara lililoganda, unaleta baridi ya huko. Na anayeamua upepo utoke wapi ni mpangilio wa migandamizo.

Angalieni mfano huu. Marseille, kusini mwa Ufaransa, na Vladivostok, mashariki ya mbali ya Urusi, ziko karibu latitudo moja, nyuzi 43 kaskazini. Zote ni miji ya bandari. Januari ya Marseille ina wastani wa nyuzijoto 7 hivi. Ya Vladivostok ni kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Jua linalozipiga ni lile lile. Upepo ndio tofauti.

Naendelea chini, msiondoke.

#2 – Mwanzisha uzi

Sasa tuingie Atlantiki, maana ndiko mambo yalikochunguzwa zaidi.

Karibu na Iceland kuna eneo ambalo majira ya baridi huwa na mgandamizo mdogo karibu muda wote. Wastani wake unazunguka hektopaskali 1000, na dhoruba moja moja hushuka chini ya hapo sana. Kusini, kwenye visiwa vya Azores vya Ureno, kuna mgandamizo mkubwa unaozidi 1020. Kati ya hivyo viwili upepo wa magharibi unavuka bahari kuelekea Ulaya.

Jambo la kushangaza ni kwamba vituo hivi viwili vimefungamana kama bembea. Iceland ikishuka zaidi ya kawaida, Azores hupanda, tofauti inakuwa kubwa, na upepo wa magharibi unapata nguvu. Iceland ikipanda, Azores hulegea, na upepo nao unalegea. Wanasayansi huipima tofauti hiyo kwa fahirisi iitwayo NAO (kifupi cha Kiingereza cha North Atlantic Oscillation, yaani bembea ya Atlantiki ya Kaskazini). Toleo linalotumika sana linalinganisha mgandamizo wa Lisbon na ule wa Stykkishólmur, mji mdogo wa magharibi mwa Iceland, na takwimu zake zinarudi nyuma hadi 1864.

NAO ikiwa chanya, dhoruba zinapanda kaskazini-mashariki. Uingereza, Norway na nchi za Baltiki zinapata baridi nyepesi yenye mvua nyingi. Hispania, Ureno na Moroko zinakauka. Upande wa pili wa bahari, mzunguko ule ule wa Iceland unavuta hewa ya Aktiki kushuka juu ya Greenland na Labrador (mashariki mwa Kanada), huko baridi inakuwa kali, huku mashariki mwa Marekani kukipata hewa ya kusini na kuwa na nafuu.

Ikiwa hasi, mambo yanageuka. Njia ya dhoruba inashuka hadi Rasi ya Iberia (Hispania na Ureno) na Mediterania. Kaskazini mwa Ulaya panabaki wazi, hewa ya Siberia na Aktiki inaingia bila kizuizi. Greenland inapata joto lisilo la kawaida.

Huu si ugunduzi wa kompyuta. Mmisionari wa Kidenmaki, Hans Egede Saabye, aliyeishi Greenland miaka ya 1770, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Wadenmaki walishaona: majira ya baridi yakiwa makali Denmark, Greenland huwa na nafuu, na kinyume chake. Hakuwa na ramani wala satelaiti. Alikuwa na barua na mabaharia tu.

Aliyeiweka kwenye hesabu ni Sir Gilbert Walker, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904. Alitumwa kazi ya kutabiri monsuni, baada ya mvua kukosekana mwaka 1899 na njaa kubwa kufuata. Akakusanya takwimu za vituo vya dunia nzima na kuwapa makarani wazilinganishe kwa mkono, kituo na kituo. Monsuni ilimshinda kuitabiri kama alivyotarajia. Lakini katika rundo lile la namba, miaka ya 1920, alitoa mifumo mitatu mikubwa ya mgandamizo: wa Atlantiki ya Kaskazini, wa Pasifiki ya Kaskazini, na ule wa kusini ambao leo tunaujua kama mwenza wa El Niño. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za sayansi ya angahewa, na ilifanywa kwa kalamu.

#3 – Mdau

Mkuu nimekuelewa, ila tupe mwaka mmoja uliotokea kweli tuuone wote kwa pamoja. Nadharia tupu huwa inaniteleza.

#4 – Mwanzisha uzi

Ombi zuri mkuu. Tuchukue baridi ya 2009–10, sijui mwaka unaofundisha kuliko huo.

Majira yale fahirisi ya NAO ilishuka hadi kiwango cha chini kabisa tangu ianze kupimwa karne ya 19. Mgandamizo mkubwa ulikaa juu ya Greenland na Iceland, mahali ambapo kwa kawaida ni makao ya mgandamizo mdogo. Ulikaa, ukaondoka kidogo, ukarudi, toka Desemba hadi Februari.

Uingereza ilipata baridi kali kuliko zote tangu 1978–79. Tarehe 7 Januari 2010 satelaiti ya NASA ilipiga picha ambayo wengi wenu mmeiona: kisiwa kizima cha Uingereza ni cheupe, kuanzia Scotland hadi pwani ya kusini. Washington ilizikwa na theluji mwezi Februari, ofisi za serikali zikafungwa siku kadhaa.

Sasa nenda kusini. Dhoruba ambazo zingekwenda Norway zilishukia Iberia, Moroko na visiwa vya Atlantiki. Tarehe 20 Februari mvua kubwa iliporomosha milima ya Madeira juu ya mji wa Funchal, watu zaidi ya 40 wakafa. Wiki moja baadaye dhoruba Xynthia ilipitia njia hiyo ya kusini na kusukuma bahari juu ya kuta za pwani ya Ufaransa. Mji wa La Faute-sur-Mer ulifunikwa na maji usiku watu wakiwa wamelala.

Halafu nenda Kanada. Majira yale yale ambayo London walikuwa wanateleza barabarani, Kanada ilipata majira ya baridi yenye joto kuliko yote tangu takwimu zake za kitaifa zianze 1948, nyuzijoto 4 juu ya wastani. Nyuzi 4 kwa nchi kubwa kiasi kile ni kiwango cha kutisha. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa Vancouver mwezi Februari, na kwenye mlima Cypress theluji ilibidi iletwe kwa malori na helikopta. Hapo Vancouver mkono mkubwa ulikuwa wa El Niño, ambayo huuzidishia nguvu mgandamizo mdogo wa visiwa vya Aleutian, karibu na Alaska, na kusukuma hewa ya Pasifiki yenye joto hadi pwani ya magharibi. Mashariki, kuelekea Labrador na Greenland, mkono ulikuwa wa NAO.

Kwa hiyo aliyesema mwaka ule "dunia imepoa" alikuwa anasimulia uwanja wa nyumba yake. Baridi ya Aktiki ilihamishiwa Ulaya na mashariki mwa Marekani, na nafasi yake ikachukuliwa na hewa ya joto.

#5 – Mdau wa pili

Nina swali. Shuleni tulifundishwa Ulaya ina joto kwa sababu ya mkondo wa bahari wa Ghuba (Gulf Stream). Wewe unasema upepo. Nani yuko sahihi?

#6 – Mwanzisha uzi

Mkuu, hapo umegusa penyewe.

Mkondo wa Ghuba upo, unabeba joto jingi, na bila bahari kusafirisha joto kuelekea kaskazini, pwani za Norway zingekuwa na hali nyingine. Ila simulizi ya shuleni inaupa sifa zote. Mwaka 2002 Richard Seager na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya baridi kati ya pande mbili za Atlantiki inatokana na angahewa yenyewe. Kwanza, upepo wa magharibi unaifikishia Ulaya joto ambalo bahari imelihifadhi tangu kiangazi, wakati mashariki mwa Kanada upepo huo huo unatoka bara lililoganda. Pili, milima ya Rocky inaupinda mtiririko wa upepo: baada ya kuivuka, hewa inashuka kusini juu ya mashariki mwa Marekani ikiwa na baridi, kisha inapanda kaskazini-mashariki kuelekea Ulaya ikiwa na joto.

Dublin na Goose Bay ya Labrador ziko latitudo ya nyuzi 53, zinatazamana ng'ambo ya bahari. Januari ya Dublin ni kama nyuzi 5 juu ya sifuri, ya Goose Bay ni kama 17 chini yake.

Na ushahidi wa kutosha kabisa ni huu: mkondo wa Ghuba haukusimama mwaka 1963, lakini Uingereza iliganda. Baridi ya 1962–63 katikati ya England ilikuwa na wastani wa chini ya sifuri kwa Desemba hadi Februari, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu 1740. Huko Herne Bay, pwani ya Kent, maji ya bahari yaliganda ufukweni. Oxford gari liliendeshwa juu ya mto Thames. Mgandamizo mkubwa ulikuwa umekaa kaskazini, upepo ukawa unatoka mashariki wiki baada ya wiki. Bahari ilikuwa pale pale na joto lake. Upepo wa kulileta ndio haukuwepo.

#7 – Mdau wa tatu

Hii ya Vladivostok uliyoitaja mwanzoni umeiacha hewani. Huko nako kuna bembea?

#8 – Mwanzisha uzi

Huko bwana mkubwa ni mgandamizo wa Siberia, na tabia yake ni tofauti na ya Azores.

Azores inatokana na mzunguko wa angahewa nzima: hewa iliyopanda ukanda wa ikweta inashuka huko. Siberia inatokana na baridi ya ardhi. Usiku ni mrefu, anga halina mawingu, theluji inatupa joto angani, na hewa iliyogusana nayo inapoa na kuwa nzito. Kusini kuna Tibet na milima yake, hewa hiyo haina pa kutokea, inarundikana. Tarehe 31 Desemba 1968 kituo cha Agata, Siberia, kilipima hektopaskali 1083.8. Fikirieni hilo mkiwa mnakumbuka wastani ni 1013.

Rundo likizidi linamwagika. Kwa kuwa upepo unalizunguka kwa mwendo wa saa, upande wa mashariki unashuka kutoka kaskazini: China, Korea, Japani, na Vladivostok iko njiani kabisa. Wimbi likiwa kubwa linafika mpaka Bahari ya China Kusini na kuchochea mvua karibu na ikweta.

Japani ndiyo inanifurahisha zaidi. Hewa ile inatoka bara ikiwa kavu. Inavuka Bahari ya Japani ambayo haijaganda, inanyonya mvuke na joto, kisha inagonga milima katikati ya kisiwa cha Honshu. Upande wa Niigata inaangusha theluji ya mita kadhaa kwa msimu. Ikishavuka milima imebaki kavu tena, na Tokyo wanakuwa na jua na anga safi. Upepo mmoja, siku moja, kilomita mia mbili na ushee katikati, na majira mawili ya baridi yasiyofanana.

#9 – Mdau wa nne

Swali la kizembe labda: hii NAO inabadilika kwa sababu gani? Na wanaweza kuitabiri?

#10 – Mwanzisha uzi

Si la kizembe hata kidogo, ndilo gumu kuliko yote.

Sehemu kubwa ni vurugu za angahewa yenyewe. Dhoruba zinasukuma mkondo wa upepo wa juu, mkondo nao unaelekeza dhoruba, na mchezo huo unaweza kuigeuza NAO ndani ya wiki moja bila kuamriwa na mtu. Ndiyo maana msimu mmoja unaweza kuwa na Desemba chanya na Februari hasi.

Lakini kuna vitu vinavyoielemeza upande mmoja. Joto la maji ya bahari ni kimojawapo. El Niño na La Niña vina mkono wao. Na kingine kiko juu kabisa, kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua.

Kilomita 30 juu ya ncha ya kaskazini, majira ya baridi, kuna upepo mkali wa magharibi unaoizunguka ncha na kuifungia baridi ndani. Baadhi ya miaka mawimbi makubwa ya angahewa yanapanda kutoka chini na kuuvunja. Hewa inashuka, inabanwa, na halijoto ya huko juu inapanda kwa makumi ya nyuzi ndani ya siku chache. Mjerumani Richard Scherhag aliliona jambo hilo Berlin mwaka 1952 kupitia vipimo vya puto. Athari yake inateremka taratibu, na wiki chache baadaye mara nyingi NAO inaelekea hasi.

Mwaka 2018 ilionekana waziwazi. Katikati ya Februari upepo wa stratosfia uligeuka kabisa, ukawa wa mashariki. Mwisho wa mwezi hewa ya Siberia ikaingia Ulaya, Waingereza wakaiita Mnyama wa Mashariki. Tarehe 26 Februari Roma iliamka na theluji. Siku zile zile Cape Morris Jesup, ncha ya kaskazini kabisa ya Greenland, ambako jua lilikuwa halijachomoza tangu vuli, halijoto ilikuwa juu ya sifuri. Na Machi dhoruba zilizosukumwa kusini zikamaliza ukame uliokuwa umeitesa Iberia.

Ila niwe wazi: si kila kuvunjika kwa upepo wa juu kunaleta baridi chini. Vichwa vya habari vinavyotangaza kiama kila stratosfia ikipata joto vinawapotosha watu, na baadaye watu hao hao wanaacha kuwaamini watabiri.

Kuhusu utabiri, miaka mingi iliaminika kwamba NAO ya msimu mzima haitabiriki. Mwaka 2014 Adam Scaife na wenzake wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza walionyesha kwamba mfumo wao ungeweza, kuanzia Novemba, kuukisia mwelekeo wa NAO ya majira ya baridi kwa uwiano wa takriban 0.6 (1 ni kupatia kikamilifu, 0 ni kubahatisha). Si uhakika, lakini ni mbali sana na kubahatisha. Na liliibuka fumbo ambalo bado linawaumiza vichwa: angahewa halisi inaonekana kutabirika kuliko modeli zenyewe zinavyodhani.

#11 – Mdau wa tano

Kwa mtu wa kawaida hii inamsaidia nini? Baridi ni baridi tu, unavaa koti.

#12 – Mwanzisha uzi

Mkuu, koti halitoshi.

Norway inapata karibu umeme wake wote kwenye maji. NAO ikiwa hasi, mvua na theluji za magharibi zinapungua, mabwawa yanashuka, na wakati huo huo baridi inapandisha matumizi ya kupasha nyumba joto. Pande zote mbili zinabana kwa mpigo mmoja. Hispania inakuwa kinyume: mwaka ambao Norway inakauka, mabwawa ya Iberia yanajaa. Anayeendesha gridi ya umeme, anayeuza gesi, anayenunua chumvi ya kumwaga barabarani, wote wanaifuatilia fahirisi hii.

Wakulima nao. Moroko inategemea mvua za majira ya baridi kwa ngano na shayiri yake, na NAO chanya ikikaa miaka mfululizo maana yake ni ukame. Mito ya Frati na Hidekeli inalishwa na mvua na theluji za milima ya Uturuki, ambazo nazo zinapanda na kushuka na NAO. Yaani mgandamizo wa Iceland una neno lake katika maji yanayofika Iraki.

Hata baridi kukosekana kuna gharama. Majira ya 2019–20 mgandamizo juu ya Aktiki ulikuwa mdogo mno, upepo wa magharibi ukawa na nguvu, na hewa ya bahari ikaingia Ulaya hadi ndani. Ujerumani kuna mvinyo unaotengenezwa kwa zabibu zilizogandia mtini. Sheria yake inataka zabibu zivunwe na kukamuliwa zikiwa zimeganda, kwa nyuzi 7 chini ya sifuri au baridi zaidi, na wakulima huamka usiku wa manane kuwahi saa hizo chache. Mavuno ya 2019 yalisubiri, na baridi hiyo haikuja.

#13 – Mdau wa pili

Sasa mwisho wa yote, joto la dunia linaingia wapi? Maana umesema baridi inahama tu.

#14 – Mwanzisha uzi

Vinakwenda pamoja, mkuu, na visichanganywe.

NAO inagawa: huku zaidi, kule pungufu. Ongezeko la joto linapandisha sakafu ambayo mgawanyo huo unasimama juu yake. Kwa mwaka mmoja na nchi moja, mgawanyo unaweza kuwa mkubwa kuliko ongezeko, ndiyo maana Desemba 2010 Uingereza iliweza kupata Desemba ya baridi kuliko zote kwa zaidi ya miaka 100 katika dunia ambayo tayari imepata joto. Ukijumlisha ramani nzima na miaka mingi, mgawanyo unafutana na ongezeko linabaki.

Kama NAO yenyewe inabadilishwa na ongezeko hilo, huko kuna mjadala wa kweli. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1990 fahirisi ilipanda sana, na wengi wakadhani ndiyo mwelekeo mpya. Kisha 1995–96 ikaanguka ghafla, na 2009–10 ikafika pale tulipoona. Kwa hiyo mtu akikuletea grafu ya NAO ya miaka 15 na kukuambia amepata jibu, mwombe ya miaka 150.

Anayetaka kujifunza kwa vitendo: fungueni ramani ya mgandamizo usawa wa bahari ya leo ya Atlantiki, tafuteni Iceland na Azores, someni namba mbili hizo, kisha wekeni hapa mnachodhani kitatokea Oslo na Lisbon siku tano zijazo. Nitapitia kila jibu.